Plagi Iliingia, Blenda Ikaungua: Adapta na Volti kwa Anayesafiri

Kila ikifika Desemba, meza yangu ya ufundi hapa Dar hujaa vitu vya Marekani. Watu wamerudi likizo, wamebeba zawadi, na baadhi ya zawadi hizo hunifikia zikinuka moshi. Mwaka juzi alikuja mama mmoja, kaifunga blenda kwenye kanga kama mtoto mgonjwa. Ilikuwa mpya, haina hata siku mbili tangu itolewe kwenye boksi. Binti yake ndiye aliyeileta kutoka Texas. Waliichomeka, wakaiwasha, ikalia kama bodaboda inayopanda mlima kwa gia ndogo, sekunde kama kumi hivi, halafu kimya na moshi.

"Fundi, mbona plagi iliingia?" akaniuliza. "Na adapta tulinunua."

Iliingia, ndiyo. Adapta ilifanya kazi yake yote, maana kazi yake ni moja tu: kubadilisha umbo la pini ili ziingie kwenye matundu ya nchi nyingine. Umeme wenyewe unapita humo kama ulivyotoka ukutani. Chini ya blenda ile kulikuwa kumeandikwa 120V, na ukuta wa Dar unatoa volti 230. Nilimfungulia nikamwonyesha koili ya mota, imegeuka nyeusi kama mkaa. Aliyemuuzia adapta hakumuuliza anakwenda kuchomeka nini, na yeye hakujua kwamba kuna cha kuulizwa.

Hatua hizi ni za yule anayefunga begi, awe anatoka Dar, Mombasa au Kampala kwenda ng'ambo, au anarudi nyumbani na masanduku. Zifuate kwa mpangilio. Wengi huanzia dukani kutafuta adapta, na kwangu duka ni hatua ya nne.

Hatua ya 1: Geuza kila kifaa usome mgongo wake

Weka mezani kila kitu cha umeme unachotaka kusafiri nacho: chaja ya simu, chaja ya laptopu, mashine ya ndevu, pasi ya nywele, nebulaiza kama kuna mwenye pumu. Kila kimoja kina kibandiko au maandishi yaliyochapwa kwenye plastiki yenyewe, mara nyingi kijivu juu ya nyeusi, herufi ndogo kama mchele wa chenga. Piga picha kwa simu, kisha ikuze. Hata mimi nafanya hivyo, na hii ndiyo kazi yangu.

Tafuta neno INPUT. Chaja ya laptopu iliyo mbele yangu sasa hivi inasomeka hivi: INPUT 100-240V~ 50-60Hz 1.5A. Mstari wa chini yake: OUTPUT 19.5V 3.33A. Unaokuhusu ni ule wa juu. 100-240V maana yake chaja hii ukiipeleka Tokyo kwenye volti 100, New York kwenye 120, Dar kwenye 230 au Nairobi kwenye 240, inajirekebisha yenyewe bila wewe kugusa kitu. Kile kiwimbi baada ya V ni alama ya mkondo geu, yaani umeme wa ukutani. Hz ni hezi, idadi ya mara ambazo mkondo huo unakamilisha mzunguko wake kwa sekunde moja. Hezi zina hila yake, tutazifikia.

OUTPUT ni kile ambacho chaja inaipa laptopu. Kuna kijana aliwahi kuniletea chaja akiogopa kuichomeka kwa kuwa imeandikwa volti 19.5 na kwao ni 230. Alisoma mstari usio wake. Lakini usiudharau kabisa: zidisha 19.5 kwa 3.33 unapata wati 65, na siku utakayopoteza chaja uwanja wa ndege, hiyo ndiyo namba ya kutaja dukani.

Hatua ya 2: Tenga mafungu matatu

Fungu la kwanza ni vyote vilivyoandikwa 100-240V. Humu zimo karibu chaja zote za simu, laptopu, kamera na vishikwambi. Hivi vinahitaji umbo la plagi tu, basi.

Fungu la pili ni vifaa vyenye kitufe cha kuchagua volti. Draya za nywele zilizotengenezwa kwa ajili ya safari huwa nacho, kidogo, kinageuzwa kwa ncha ya sarafu, kikionyesha 125 upande mmoja na 250 upande wa pili. Hapa kifaa hakijirekebishi, unakirekebisha wewe, tena kabla ya kuchomeka. Fungu hili ndilo linalonipa kazi nyingi kupitia kompyuta za mezani za mitumba. Itazame kompyuta ya zamani kwa nyuma, pale waya wa umeme unapoingia: unaweza kukuta kitufe chekundu kimezama ndani kidogo, kimeandikwa 115. Imetoka ofisini huko Marekani, hakuna aliyekigusa. Mnunuzi anafika nyumbani, anachomeka, inapiga mlio kama fataki, na nyumba nzima inaingia gizani. Chukua bisibisi bapa, sukuma kitufe mpaka isomeke 230, ndipo uchomeke. Kinyume chake si msiba: kompyuta iliyowekwa 230 ukiichomeka Marekani haitawaka tu, utasukuma kitufe na kuendelea na maisha.

Fungu la tatu ni vya volti moja. Vitakuwa vimeandikwa 120V vikiwa vya Marekani au Kanada, na 220-240V vikiwa vya kwetu, Ulaya, Ghuba au China. Soma taratibu hapa, kwa sababu 220-240V na 100-240V zinafanana sana kwa mtu mwenye haraka. Tofauti ya tarakimu hizo za mwanzo ndiyo tofauti ya kusafiri nacho na kukiacha.

Hatua ya 3: Ujue ukuta wa unakokwenda

Plagi za dunia zimepewa herufi, kuanzia A hadi O. Huna haja ya kuzikariri zote. Ya kwetu ni G: pini tatu bapa, nene, ile ya juu ndefu kuliko mbili za chini. Tumeirithi kwa Waingereza, waliotoa kiwango chake mwaka 1947. Vita vilikuwa vimekwisha, shaba ilikuwa adimu, wakaamua nyaya za nyumba zizunguke kama pete na soketi nyingi zipachikwe kwenye duara hilo moja, na kwa kuwa duara lina nguvu kubwa, kila plagi ikapewa fyuzi yake ndani. Ndiyo maana plagi yetu ni kubwa kama kiatu cha mtoto.

Kwa hiyo anayekwenda London, Dubai, Muscat, Doha, Kuwait, Singapore au Hong Kong hahitaji adapta kwa plagi ya kwetu. Akikuuzia mtu adapta ya kwenda Dubai, amekuuzia plastiki. Kwa mahujaji vilevile: Saudi Arabia sasa wanatumia G na volti 230, ila umeme wao ni wa hezi 60, na kwenye majengo ya zamani bado unaweza kukutana na matundu ya namna nyingine. Adapta moja ndogo mfukoni haitakuelemea.

Ajabu ni kwamba majirani zetu wa karibu ndio wanaotushinda. Ukivuka kwenda Bujumbura, Goma, Bukavu au Kigali, volti ni zilezile kwa maana ya matumizi, 220 hadi 230, lakini matundu mengi ni ya mviringo, ya Kibelgiji na ndugu zake. Mfanyabiashara wa Kigoma mwenye chaja ya pini tatu bapa atalala na simu imezima ng'ambo ya ziwa, ilhali yule wa Mwanza aliyefika Manchester anachomeka bila wasiwasi.

Ulaya bara kwa jumla ni volti 230, hezi 50, na pini mbili za mviringo. Ujerumani, Uholanzi, Sweden na Norway wana soketi iliyozama, ya herufi F. Ufaransa na Ubelgiji wana E, yenye pini ya ethi, yaani ya waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, inayochomoza kutoka kwenye soketi yenyewe. Plagi nyembamba ya pini mbili, ile ya chaja ndogo za simu, inaingia kote huko. Uswisi ndiyo wana yao, J, yenye umbo la pembe sita; chaja nyembamba inaingia, plagi nene ya Kijerumani inagoma. Italia nao wana pini tatu zilizopangwa mstari mmoja.

Wagonjwa na wauguzi wao wanaokwenda Chennai, Mumbai au Delhi watakuta volti 230 na pini tatu za mviringo, herufi D. Hizi zilikuwepo kwetu pia, na kwenye nyumba kongwe bado zipo. Afrika Kusini ni binamu yake, M, pini za mviringo nene zaidi, na adapta yake inunue mapema. Wanaofuata mzigo Guangzhou: volti 220, hezi 50, soketi zao nyingi zina matundu mawili juu na matatu ya mshazari chini. Chaja zetu zote zinafanya kazi kule, tatizo ni umbo tu, na adapta kule ni bei ya soda.

Kisha Marekani na Kanada. Volti 120, hezi 60, pini mbili bapa nyembamba, wakati mwingine na ya tatu ya mviringo kwa ajili ya ethi. Huku ndiko umbo na nguvu vinapoachana na sisi kwa pamoja, na ndiko wanakotoka wateja wangu wa Desemba. Japani wako karibu nao, volti 100, plagi kama ya Marekani. Wao wana kituko cha ziada: Tokyo wanatumia hezi 50 na Osaka hezi 60, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo walinunua mitambo kwa Wajerumani na Osaka kwa Wamarekani, na hawajapatana mpaka leo.

Hatua ya 4: Sasa nunua adapta, au usinunue

Kabla hujatoa pesa, angalia chaja ya laptopu yako. Waya unaotoka ukutani hadi kwenye lile tofali dogo jeusi unachomoka. Kichwa chake ama kina umbo la namba nane, ama kina matundu matatu yaliyokaa kama jani lenye vipande vitatu. Badilisha waya huo tu. Ukifika Toronto, ingia duka lolote la kompyuta, omba waya wa kule wenye kichwa kama hicho. Una plagi halali ya nchi hiyo, haitikisiki, haina mdomo wa adapta unaoning'inia ukutani kama popo. Mimi napenda njia hii kuliko zote. Kwa simu, chaja ndogo ya kule nayo inatosha, kwa kuwa waya wa USB ni uleule.

Ukinunua adapta, yashike mambo haya. Iwe imeandikwa ampea zake, yaani kiasi cha mkondo inachoweza kupitisha. Ampea zidisha kwa volti za nchi ndizo wati ulizoruhusiwa: adapta ya ampea 6 inabeba wati 1,380 Dubai, lakini Marekani inabeba 720 tu, kwa sababu volti za kule ni kama nusu. Iwe na fyuzi, na iwe fyuzi unayoweza kuitoa na kuibadilisha. Angalia pia kama ina ethi. Zile adapta za dunia nzima zenye vitelezi, unasukuma hiki zinatoka pini za Ulaya, unasukuma kile zinatoka za Marekani, nyingi hazina ethi. Kwa chaja ya plastiki hakuna neno. Kwa kifaa chenye mwili wa chuma, kama pasi au birika, ethi ndiyo inayokulinda usipigwe shoti waya ukigusa bati, kwa hiyo usikichomeke humo.

Ishike mkononi na itikise. Ikilia kama njuga, irudishe.

Wasafiri wenye familia, kuna mbinu ya ekstensheni. Beba moja ya nyumbani yenye matundu manne, nunua adapta moja nzuri ya kuingia ukutani, na simu zote za familia zinachaji pamoja kwenye soketi mlizozizoea. Chaja tu lakini. Mkianza kuongeza pasi humo, adapta moja ndiyo inayobeba mzigo wote.

Na sasa ile tabia yetu ya kalamu. Nani hajafanya? Chaja ina pini mbili za mviringo, soketi ya ukutani ni ya pini tatu bapa, unachukua mfuniko wa biki, unauchokonoa kwenye tundu la juu, vizibo vya ndani vinafunguka, unasukuma chaja inaingia. Vizibo vile viliwekwa kwa ajili ya watoto, na pini ndefu ya juu ndiyo ufunguo wake. Unapovidanganya, pini za mviringo zinakaa kwenye vibano vilivyotengenezwa kwa pini bapa. Vinazigusa kwa ncha tu, panapata moto, taratibu plastiki inageuka kahawia. Umeiona hiyo rangi kwenye soketi za gesti. Tena umeiruka fyuzi, kwenye duara la umeme ambalo Uingereza hulindwa kwa ampea 32. Adapta ya shilingi elfu chache inamaliza jambo hili, na mgeni anayekuja kwetu kutoka Ujerumani au Ufaransa mwambie hivyo hivyo badala ya kumfundisha kalamu.

Hatua ya 5: Vya moto viache nyumbani

Birika la umeme, pasi ya nguo, draya ya kawaida, jiko la wali, hita ya kuchovya kwenye ndoo. Hivi vina waya wa joto ndani, na waya huo haujui kujirekebisha. Hesabu yake ni fupi. Birika la Marekani la wati 1,500 linavuta ampea 12.5 kwenye volti 120. Lilete Dar bila kitu kingine zaidi ya adapta: volti zimekaribia mara mbili, ampea nazo zimekaribia mara mbili, na wati zimefika kama 5,500. Ampea 24 zinapita kwenye waya mwembamba uliotengenezwa kwa nusu yake.

Wengine husema fyuzi ya plagi itakatika, hakuna shida. Fyuzi ya ampea 13 haikatiki papo hapo kwa ampea 24. Inaweza kuvumilia dakika kadhaa, na dakika kadhaa zinatosha kuyeyusha birika.

Upande wa pili ni vichekesho zaidi kuliko hatari. Birika letu la wati 2,000 ukilipeleka Minneapolis linabaki na wati 540 hivi. Lita moja iliyokuwa ikichemka kwa dakika tatu sasa inapita kumi, na wewe umesimama jikoni na majani ya chai mkononi. Haliungui, linachosha. Kifaa chenye mota kubwa ni habari nyingine: friji ya 230 ukiichomeka kwenye 120, kompresa inashindwa kuanza, inanguruma palepale, inapata moto. Volti pungufu nazo zinaua.

Pasi za hotelini zipo, mabirika yapo, draya hutundikwa bafuni. Kwa pasi ya nywele, mama na dada zangu, someni kibandiko kabla ya kukata tamaa, kwa sababu nyingi zimeandikwa 100-240V na zinasafiri salama. Ni draya ndizo kaidi.

Hatua ya 6: Transfoma, na ile hila ya hezi

Kuna kifaa cha volti moja ambacho hukiachi: mashine ya kushonea aliyokuachia bibi, au mashine ya kuchanganyia keki ya bei kubwa. Hapo ndipo transfoma inaingia. Ya kushusha, kutoka 230 kwenda 120, kwa vitu vya Marekani vinavyokuja kwetu. Ya kupandisha kwa safari ya kinyume. Ni nzito kama tofali kwa sababu ndani ni chuma na shaba tupu, kwa hiyo wepesi wake ukushtue. Vile vidude vyepesi vinavyouzwa viwanja vya ndege, vinavyojisifu kubeba wati 1,600, kazi yake ni kukatakata wimbi la umeme. Vinaweza kuhudumia draya isiyo na elektroniki ndani. Ukichomeka laptopu au mashine ya hospitali humo, utanitafuta.

Chagua transfoma kwa wati za kifaa na akiba juu yake. Kwa kifaa cha mota nachukua mara mbili: blenda ya wati 500, transfoma ya 1,000, kwa sababu mota inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko ulioandikwa. Izime ukimaliza, ikikaa imechomekwa inanguruma na inakula LUKU hata kama haifanyi kazi. Na tafadhali, stabilaiza ya friji si transfoma ya kushusha. Nimeona mtu kachomeka mikrowevu ya volti 120 kwenye stabilaiza kwa imani kwamba "inarekebisha umeme". Inarekebisha umeme wa 230 unaoyumba ili ubaki 230. Ikafanya hivyo kwa uaminifu.

Mikrowevu hiyo hata kwa transfoma sahihi ningemshauri asiilete, na sababu ni hezi. Transfoma inabadilisha volti, hezi haigusi. Kifaa cha hezi 60 ukikilisha hezi 50, mota yake, ikiwa ni ya aina inayofuata mapigo ya umeme, inazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita na inapata joto zaidi. Saa ya mezani ya mtindo huo itachelewa dakika 10 kila saa. Mikrowevu ya kawaida ina transfoma kubwa ndani iliyokadiriwa kwa hezi 60, na kwenye 50 inachemka. Televisheni nyingine za Marekani zina balaa mbili kwa mpigo: volti 120, na kipokea matangazo chao ni cha mfumo wa ATSC wakati Tanzania na Kenya tunatumia DVB-T2, kwa hiyo hata ukiipatia umeme, antena haitakamata kitu. Itabaki kuwa kioo cha king'amuzi.

Hatua ya 7: Njiani na siku ya kwanza chumbani

Pawabenki inapanda nawe ndani ya ndege, haiendi kwenye begi la chini. Kikomo cha kawaida ni watisaa (Wh) 100. Kama imeandikwa mAh tu, zidisha kwa 3.7 ugawe kwa 1,000: ya 20,000 ni watisaa 74, inapita, ya 30,000 ni 111, inahitaji idhini ya shirika la ndege. Iliyofutika maandishi huweza kuzuiwa hata kama ni ndogo, kwa sababu mkaguzi hana cha kusoma. Mashine ya kupumulia usiku au nebulaiza nayo ikae mkononi, pamoja na adapta yake, si adapta kwenye begi lililobaki Addis.

Ukifika hotelini, angalia kama umeme wa chumba unashikwa na kadi ya mlangoni. Ukitoka kwenda kula na kadi yako, soketi zinalala, unarudi kukuta simu iko asilimia 11. Uingereza soketi nyingi zina swichi yake kama kwetu, ila bafuni utakuta kisoketi kidogo cha kunyolea ndevu, kimeandikwa volti mbili, 115 na 230. Ni cha mashine ya ndevu na mswaki wa umeme, hakiwezi draya. Ndani ya ndege, soketi ya kiti nguvu yake ni ndogo; laptopu kubwa ikizidisha, inajikata yenyewe, hujaharibu kitu.

Baada ya nusu saa ya kwanza, gusa adapta kwa nyuma ya vidole. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa ya moto kiasi cha kuondoa mkono, chomoa.

Neno kwa mnaoagizia vitu

Kinyozi wa mtaani kwetu, kijana mwenye banda la vioo viwili, ana kaka yake Ohio. Mwaka jana alitumiwa mashine ya kunyolea, ile ya waya, kibandiko 120V 60Hz. Mashine nyingi za aina hiyo ndani hazina mota ya kuzunguka, zina sumaku inayotetemesha wembe kwa kufuata mapigo ya umeme. Aliichomeka kwa adapta. Ilipiga kelele kama njugu mawe kwenye debe, mteja akaruka kitini na nusu ya kichwa, na koili ikaungua kabla hajafikia swichi.

Safari hii kaka alipomuuliza alete nini, hakutaja kitu. Alimwambia asimame palepale dukani, ageuze boksi, apige picha ya maandishi ya nyuma, atume WhatsApp. Picha ikaja kwake, ikaja kwangu. Ya kwanza 120V 60Hz. Nikamjibu aache. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya betri, chaja yake imeandikwa 100-240V. Imefika wiki mbili zilizopita, na nilipopita jana jioni alikuwa amemkalisha mtoto wa jirani, anamnyoa panki, waya hakuna.